Picha Ipo, Sauti Hakuna

Mwaka 1994 Tanzania Bara ilipata matangazo yake ya kwanza ya televisheni. Kwa miaka mingi serikali ya Mwalimu Nyerere ilikihesabu chombo hicho kuwa anasa. Sheria ya utangazaji ya 1993 ndiyo iliyofungua mlango kwa vituo binafsi, na mwaka uliofuata CTN na ITV vikaanza kurusha matangazo kutoka Dar es Salaam. Watazamaji hawakuanza mikono mitupu. Seti zilikwisha kuingia majumbani kitambo kwa ajili ya mikanda ya video: zipo zilizotoka Dubai, zipo zilizoletwa na mabaharia, zipo zilizovuka bahari kutoka Unguja. Antena zikapandishwa juu ya mabati, picha zikanaswa. Lakini mwenye seti iliyotengenezwa kwa mfumo wa Unguja peke yake alimwona msomaji wa habari akifumbua na kufumba kinywa, huku spika ikitoa mvumo mtupu.

Spika haikuwa imekufa, wala waya haukukatika. Seti ilikuwa nzima na kituo kilikuwa kizima. Kilichokosekana ni makubaliano kati yao. Katika televisheni ya analogi, picha na sauti zilisafiri kwa mawimbi mawili, la sauti likiwa limetengwa na la picha kwa masafa yaliyopangwa. Masafa hayo hayakuwa mamoja duniani. Bara ilitumia mfumo B, ambao sauti yake iko megahezi 5.5 juu ya picha. Zanzibar, yenye televisheni tangu 1973, ilitumia mfumo I wa Waingereza, ambao sauti yake iko megahezi 6 juu ya picha. Nusu megahezi ikatosha kumnyima mtu taarifa ya habari.

Hitilafu hiyo imewalisha mafundi wa Afrika Mashariki kwa vizazi kadhaa. Imebadilika sura mara nyingi, lakini chanzo chake ni kilekile: vifaa vizima, kila kimoja kimebuniwa kwa kanuni za kwao, vinakutanishwa kwenye meza moja ya sebuleni. Fundi wa Hamburg aliweza kuishi kwa kuvijua vifaa vya Ujerumani. Fundi wa Kariakoo, Dar es Salaam, au wa Luthuli Avenue mjini Nairobi alilazimika kuvijua vya Ujerumani, vya Uingereza, vya Japani na vya Ghuba, kisha ajue na namna ya kuvipatanisha. Huo ni ujuzi mpana kuliko wa wale waliovitengeneza, na historia yake inastahili kusimuliwa kwa heshima yake.

Hapo mwanzo sauti ya nyumbani haikuwa na waya. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya HMV, santuri zake zilirudi pwani kupigwa kwenye gramafoni za kuzungusha kwa mkono. Sindano ilikwaruza mfereji wa santuri, mtetemo ukapanda kwenye kiwambo, pembe ikaukuza. Sauti ikififia, mtuhumiwa alikuwa sindano, kwani za chuma zilitakiwa kubadilishwa baada ya kila upande wa santuri. Ikipanda na kushuka, mtuhumiwa alikuwa springi. Hakukuwa na kitu kingine cha kushuku.

Mwaka huohuo wa 1928 matangazo ya redio yalianza Nairobi, yakilengwa kwa walowezi. Kiswahili kilipata nafasi kubwa hewani baadaye, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na baada yake. Mwaka 1951 zikazaliwa Sauti ya Dar es Salaam na Sauti ya Unguja. Redio za wakati huo zilikuwa za valvu, kubwa, zenye sanduku la mbao, na nyuma ya nyingi kati yake kulikuwa na matundu mawili ya kuingizia sauti ya gramafoni. Mwenye gramafoni ya umeme aliunganisha nyaya zake hapo, na redio ikawa amplifaya. Huo ndio muunganisho wa kwanza wa nyumbani, na pamoja nao likaja tatizo la kwanza la muunganisho: mvumo mzito, wa sauti ileile ya umeme wa hezi 50, unaoingia pale ambapo waya wa kinga haukushikana na chasi.

Huko Marekani kampuni ya RCA ilikuwa na haja hiyohiyo ya kuunganisha gramafoni na redio ndani ya kabati moja. Katika miaka ya 1930 mafundi wake walibuni pini fupi yenye ncha katikati na pete ya bati pembeni. Haikukusudiwa kuchomekwa na kuchomolewa na watu wa nyumbani. Ilikusudiwa ichomekwe kiwandani mara moja na isahaulike. Ndiyo maana hadi leo, mtu akiichomeka huku amplifaya inawaka, spika hutoa ngurumo kali: ncha ya katikati, inayobeba sauti, hugusa kabla ya pete ya kinga kugusa. Pini hiyo ya kabati ndiyo iliyoko nyuma ya sabufa nyingi za Kariakoo leo, nyekundu na nyeupe.

Redio ya valvu ilikuwa mali ya wachache. Tranzista, iliyogunduliwa katika maabara ya Bell mwishoni mwa 1947 na kuingizwa kwenye redio ya mfukoni mwaka 1954, ndiyo iliyoipeleka redio shambani na machungani. Mwaka 1966 kampuni ya Matsushita ilifungua kiwanda Dar es Salaam na kutengeneza betri na redio za National. Philips nao wakawa na kiwanda chao Arusha. Redio zikienea, mafundi huenea nazo. Meza ya fundi redio, yenye chuma cha kulehemu, risasi ya bati na bati la skrubu zilizochanganyika, ikawa sehemu ya kila soko.

Vipimo vya kisasa vilikuwa ghali, kwa hiyo kazi ilifanywa kwa njia ambazo bado zinafanya kazi. Kanuni yake ni kuifuata sauti kinyumenyume, kutoka pale inapotokea hadi pale inapozaliwa. Kwanza spika: betri moja ya volti 1.5 inaguswa kwenye ncha zake mbili, mara moja tu. Ikilia “tap”, spika ni hai na koili yake haijakatika. Kisha amplifaya: redio inawashwa kwa betri, fundi anagusa kwa kidole mlango wa kuingizia sauti au mguu wa kati wa kidhibiti sauti. Mwili wa binadamu hunasa mvumo wa umeme uliozagaa hewani, hivyo spika ikivuma, njia yote kuanzia hapo hadi kwenye spika ni nzima, na kosa liko nyuma zaidi. Kwa kidole na betri mtu aligawanya redio nusu, kisha robo, mpaka akabaki na kipande kimoja cha kushuku.

Njia hiyo ya kidole ilikuwa salama kwenye vifaa vya betri. Kwenye seti za umeme ilihitaji mtu anayejua anachogusa, kwa maana redio nyingi za valvu na televisheni nyingi za hadi miaka ya 1980 zilikuwa na chasi iliyounganishwa moja kwa moja na umeme wa ukutani. Jambo hilo lilikuwa na athari kubwa kwa muunganisho wa sauti. Televisheni ya chasi hai haikuweza kuwa na tundu la kutolea sauti, na anayejaribu kulehemu waya kutoka kwenye spika yake hadi kwenye amplifaya aliweza kuunguza vyote viwili, au kujiua. Kwa hiyo sauti kubwa ya televisheni ilitafutwa kwingine, kama tutakavyoona.

Kabla ya hapo ilikuja kaseti. Philips waliionyesha Berlin mwaka 1963, na katika miaka ya 1970 redio kaseti ikawa zawadi ya harusi na fahari ya sebule. Kaseti ilileta ugonjwa mpya: sauti iliyopo lakini imefunikwa, isiyo na ncha. Mara nyingi kichwa kilikuwa kichafu, na pamba yenye spiriti ilitosha. Mara nyingine kichwa kilikuwa kimepinda kidogo mno, na fundi aligeuza skrubu moja iliyo ubavuni mwake, akisikiliza, hadi sauti nyembamba zirudi. Mashine mbili zilizopinda tofauti hazikuelewana: mkanda uliorekodiwa kwa jirani ulisikika vizuri kwa jirani tu.

Kaseti ilileta pia vita vya pini. Vifaa vya Ujerumani na vya Uholanzi, vya Grundig, Telefunken na Philips, vilitumia soketi ya duara ya DIN yenye miguu mitano. Vya Japani vilitumia pini za RCA. Mtu aliyenunua deki ya Japani na kuwa na redio kubwa ya Grundig alihitaji waya wa kugeuza, na kuulehemu waya huo lilikuwa jaribio la fundi. Miguu ya DIN ina kazi tofauti: wa pili ni kinga, wa tatu na wa tano hubeba sauti ya kupiga, wa kwanza na wa nne hubeba sauti ya kurekodi. Ukilehemu kwenye jozi isiyo yake, mashine inawaka, mkanda unazunguka, na kimya kinatawala. Hata jozi ikiwa sahihi, nguvu za sauti hazikulingana. Njia ya kurekodi ya DIN ilitoa milivolti chache tu, na deki ya Japani ilingoja nyingi zaidi, hivyo sauti ilirekodiwa kwa unyonge na kuchanganyika na mkwaruzo. Kinyume chake, sauti ya Japani iliyoingizwa kwenye mlango wa DIN ilipasuka kwa wingi wake, na dawa ilikuwa kulehemu rezista ndani ya pini yenyewe ili kuipunguza.

Kisha televisheni. Kenya ilianza mwaka 1962, Uganda 1963, Zanzibar 1973, ikihesabiwa kuwa televisheni ya kwanza ya rangi kusini mwa Sahara. Mwaka 1961, katika mkutano wa shirika la mawasiliano la kimataifa mjini Stockholm, mifumo ya dunia ilikuwa imepewa herufi. Sehemu kubwa ya Ulaya Magharibi ilishika B, na G kwa masafa ya juu. Uingereza ilikwenda na I. Nchi za Kisovieti zilikuwa na D na K, sauti ikiwa megahezi 6.5 juu ya picha. Marekani ilikuwa na M, megahezi 4.5, na Japani ikaufuata mfumo huohuo. Kenya na Uganda zilifuata B. Oman, ilipofungua televisheni yake mwaka 1974, nayo ilikuwa upande huo.

Kwa hiyo Unguja ilijikuta peke yake katika ujirani wake. Ndugu wa Maskati aliyeipelekea familia yake televisheni ya mfumo mmoja alikuwa amewapelekea sinema bubu. Bandari iliyozoea kupokea bidhaa za kila pepo ilikuwa sasa inapokea hata megahezi za kila pepo.

Mafundi walijifunza kutibu. Ndani ya seti kuna kipande kidogo cha seramiki chenye miguu mitatu, kichujio kinachopitisha masafa ya sauti na kuzuia mengine, na karibu yake koili ya kuitafsiri sauti hiyo. Kichujio cha 6 kinatolewa, cha 5.5 kinawekwa, au kinyume chake. Kisha koili inageuzwa polepole kwa bisibisi ya plastiki, kwa sababu ya chuma ingeyavuruga masafa yenyewe, hadi maneno yatoke bila kukwaruza. Kazi nzima ilikuwa ya sehemu chache na sikio zuri. Waliotaka kutumia seti pande zote mbili za bahari waliwekewa vichujio viwili. Hatimaye viwanda vya Asia vikatoa seti za mifumo mingi, zenye ukurasa wa kuchagua B/G, I, D/K au M kwa rimoti. Hitilafu haikuisha, ilihamia kwenye rimoti. Mtoto akibonyeza kwa kucheza, sauti inakwenda, na mzazi anaibeba seti mgongoni hadi kwa fundi ili kibonyezwe kitufe kimoja.

Deki ya video ilizidisha mambo. VHS ya JVC ilitoka mwaka 1976, na katika miaka ya 1980 ilitapakaa pwani nzima kupitia Ghuba. Ndani ya deki, picha na sauti husomwa na vichwa viwili tofauti kabisa. Picha husomwa na ngoma inayozunguka mara 1,500 kwa dakika. Sauti ya kawaida husomwa na kichwa kilichotulia, kwenye ukingo mwembamba wa juu wa mkanda. Ndiyo maana mkanda uliokunjika ukingoni ulitoa picha nzuri na sauti ya kuzama na kuibuka. Mkanda wenyewe ulikwenda sentimita 2.34 tu kwa sekunde, chini ya nusu ya mwendo wa kaseti ya muziki, kwa hiyo uchafu kidogo kwenye kichwa cha sauti ulionekana mara moja. Pamba na spiriti zikarudi kazini.

Kuiunganisha deki na televisheni kulikuwa na mtihani wake. Waya wa antena ulibeba picha na sauti pamoja, deki ikijifanya kituo kidogo cha televisheni, mara nyingi kwenye chaneli ya 36. Deki ya mfumo wa G na televisheni ya mfumo wa I zilitoa tena picha bila sauti. Baadhi ya deki zilikuwa na kiswichi kidogo cha kubadili mfumo, mahali ambapo mwenye mali hakuwahi kupaangalia. Pasipo kiswichi, fundi alichukua njia ya mkato: picha ipite kwenye antena, sauti itolewe kwenye tundu la RCA la deki na kupelekwa kwenye redio kaseti au amplifaya. Njia hiyo ilikwepa pia hatari ya chasi hai ya televisheni, na sauti yake ilikuwa bora mara nyingi kuliko ya spika ndogo ya seti.

Vibanda vya video vilijengwa juu ya waya huo. Chumba cha mabenchi chenye televisheni ya inchi 21 kilihitaji sauti ya ukumbi, na deki iliitoa. Na kwa kuwa sauti ilikuwa tayari imetenganishwa na picha, mtu aliweza kuingia katikati yake. Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili kwa namna hiyo, na mikanda yenye sauti yake ikauzwa. Uganda nayo ikapata wasimulizi wake wanaoitwa VJ. Kilichohitajika ni kipaza sauti, kichanganyio na deki mbili: picha inakwenda moja kwa moja kutoka deki hadi deki, sauti inapitia kwenye kichanganyio na kukutana na msimulizi. Sanaa iliyowafanya watu wa mitaani waielewe Hong Kong na Hollywood ilizaliwa kwenye matundu yaleyale ambayo mafundi walikuwa wakiyatumia kurudisha sauti iliyopotea.

Mwanzoni mwa karne hii DVD ilikuja na waya wa rangi tatu: njano kwa picha, nyeupe kwa sauti ya kushoto, nyekundu kwa ya kulia. Rangi ziliondoa makosa mengi. Kisha Dar es Salaam ikazima mitambo ya analogi tarehe 31 Desemba 2012, na Kenya ikafuata mwaka 2015, baada ya mvutano ulioviacha vituo vikubwa kimya kwa zaidi ya wiki mbili. Kila nyumba ikahitaji king'amuzi, na ving'amuzi vingi vidogo vilitoa sauti na picha kupitia tundu moja la duara la milimita 3.5. Pini yake ina sehemu nne za kugusa, na watengenezaji hawakukubaliana ipi ni ipi. Ukitumia waya wa kamera kwenye king'amuzi, huenda picha ikatokea pini nyekundu na sauti ikatokea njano. Fundi mwenye uzoefu huzichomeka kinyume cha rangi kwanza kabla ya kulaumu king'amuzi. Pete ya kinga ikiwa si mahali pake, waya ubadilishwe. Hakuna mpangilio wa rangi utakaosaidia.

HDMI, iliyotolewa Desemba 2002 na kampuni saba zikiwemo Sony, Philips na Toshiba, iliahidi kumaliza mambo: waya mmoja, picha na sauti pamoja. Lakini makubaliano yaliyokuwa yakifanyika kwenye mikutano ya mataifa sasa hufanywa na vifaa vyenyewe kila vinapowashwa. Televisheni humwambia mwenzake ni aina zipi za picha na za sauti inazozipokea. Wakikosana kwenye sauti, picha inabaki. Filamu ya flashi yenye sauti ya DTS inachezwa vizuri kwenye skrini na kimya kwenye spika, kwa sababu mtengenezaji hakulipia leseni ya kuisoma sauti hiyo. King'amuzi kilichopangwa kutoa sauti ya Dolby hakisikiki kwenye amplifaya inayojua PCM peke yake. Dawa iko kwenye ukurasa wa mipangilio ya sauti. Sabufa iliyounganishwa na tundu la HDMI lisilo na alama ya ARC, njia ya kurudisha sauti iliyoongezwa mwaka 2009, haitasikia kitu hata waya ukiwa mpya. Na mwenye kuipeleka sauti moja kwa moja kutoka king'amuzi hadi kwenye sabufa huisikia ikitangulia midomo, kwa kuwa televisheni bapa huichelewesha picha ikiitengeneza.

Hapa kidole na betri vina mpaka. Betri bado inapima spika, na kidole bado kinapima amplifaya ya sabufa. Lakini waya wa HDMI haugusiki kwa namna hiyo, na ubao wa saketi wa leo haubandikwi mchoro ndani ya mfuniko kama redio za zamani zilivyobandikwa. Kanuni ya kuifuata sauti hatua kwa hatua ndiyo iliyosalia: badilisha waya, badilisha tundu, badilisha filamu, sikiliza kwa spika ya televisheni yenyewe, kisha ujue ni wapi njia imekatika.

Televisheni za kioo kinene sasa zinauzwa kwa kilo kama vyuma chakavu, Unguja na Bara. Nyingi kati yake zina alama za kazi iliyoelezwa hapa: kichujio cha pili kilicholehemiwa kwa mkono, soketi ya sauti iliyotobolewa mahali ambapo kiwanda hakikuiweka. Mafundi waliozifanya kazi hizo wengi wao sasa ni wazee, na bado wapo wa kuulizwa. Vyuo vya ufundi na makumbusho vya Dar es Salaam, Zanzibar na Nairobi vingeweza kuchukua seti chache za namna hiyo, vikawaketisha mafundi hao mbele yake na kurekodi maelezo yao, kabla mnunuzi wa chuma chakavu hajapita tena mtaani.